Jina la Marehemu ni la Nani?

Julai 2014, huku kwetu Bunju, Mbweni Mpiji, ilikutwa mifuko ya viungo vya binadamu imetupwa. Swali letu lilikuwa moja: nani katupa? Tulipoambiwa ni mabaki ya mafunzo ya udaktari, tukapumua. Sikumbuki kuuliza vilikuwa viungo vya kina nani, na hilo linanisuta.

Limenirudia niliposoma habari za mtoto wa Philadelphia, Marekani. Februari 1957 maiti yake iliokotwa ndani ya boksi, ina alama za kipigo. Desemba 2022 ndipo jina lake likatangazwa: Joseph Augustus Zarelli, miaka minne. Vinasaba vyake vililinganishwa na vya watu waliojipima kutafuta asili zao, akapatikana ndugu, ukachorwa ukoo mpaka kwa mama.

Shakahola, Kenya, iliyofukuliwa miili zaidi ya 400 tangu 2023, njia ni nyingine: ndugu wa karibu aje mwenyewe atoe sampuli. Sasa kama ndugu wa karibu naye yumo shimoni? Au ndiye aliyekupeleka?

Hapo ndugu wa mbali anahitajika. Lakini neno vinasaba limebeba nasaba, na nasaba zetu, tuseme ukweli, zina vyumba vilivyofungwa. Mate ya binamu yangu yanaweza kufungua chumba cha baba yangu bila mimi kuulizwa. Anayekataa namwelewa. Ila siri ya ukoo inayomfunika muuaji wa mtoto siioni kuwa heshima.

Mkemia Mkuu akiniita kesho, kwa ajili ya mtoto nisiyemjua, nitatoa. Ila nitampigia mama kwanza.