Msimamizi Naye Huelemewa

Ndugu zetu Waislamu, twawaona wasimamizi wa kazi bandarini Kilindini: juu yao wakubwa wahimiza, chini yao wafanya kazi wanung'unika. Usiku hawalali, na wakishikwa na hofu twasema, "Hawa hawana imani."

Hayo si maneno ya haki. Nabii Musa, alayhi s-salaam, alipotumwa kwa Firauni alikiri dhiki ya kifua chake, akamwomba Mola amfanye Harun, nduguye, kuwa waziri wake, akapewa. Na neno waziri wanazuoni wamelinasibisha na wizri, yaani mzigo.

Basi mwenye kazi na ampunguzie msimamizi wake, na walio chini yake wamwulize, "Mzigo upi tukuchukulie?" Kumwombea dua na huku twamzidishia uzito ni kumcheza shere. Wabillahi t-tawfiq.