Keki ya Mwanasesere na Hukumu ya Sura

Si ajabu siku hizi, katika mtaa wa Mountain View ulio magharibi ya Nairobi, kandokando ya barabara ya Waiyaki, kumkuta mama ameazimia kumwokea bintiye kwa mkono wake mwenyewe ile keki ya mwanasesere, yaani mwanamke mdogo wa plastiki aliyezama hadi kiunoni katika kuba la keki, na kuba lenyewe likapakwa siagi iliyopigwa kwa sukari ya unga mpaka likawa rinda pana lenye mikunjo na maua. Mtu mwenye dini, na hasa Muislamu aliyelelewa katika madhehebu ya Shafi, akikitazama kitu hicho mezani hakosi kujiuliza masuala mawili: je, hapa haikutengenezwa sura ya kiumbe mwenye roho, jambo ambalo Hadithi sahihi zimelikemea kwa ukali? Na ikiwa imetengenezwa, yafaaje kumpa mtoto kisu aikate na kuila?

Kabla ya kuhukumu, yatupasa kwanza tujue ni kitu gani hasa anachokifanya mpishi, kwa maana wengi wanaobishana juu ya jambo hili hawajapata kusimama mbele ya jiko. Yeye huoka keki katika bakuli linalohimili moto, au huoka duara kadhaa katika sufuria, akazipanga na kuzichonga kwa kisu hata zikapata umbo la rinda. Kisha hutoboa tundu katikati, akamzungushia mwanasesere nailoni miguuni, akamtumbukiza. Kazi hii ni ngumu zaidi Nairobi kuliko Mombasa, kwa kuwa mji huu umeinuka zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na keki nene kama hiyo hufura upesi kabla ya kushikana ndani, kisha ikabonyea, isipokuwa mpishi apunguze beking pauda na awe na subira. Basi ustadi wote wa mama yule, na jasho lake lote, umeishia kwenye nguo. Mtu hakumfanya yeye; mtu alitoka kiwandani akanunuliwa dukani, na karamu ikiisha hung'olewa, akaoshwa, akawa kichezeo. Kilicholiwa ni rinda.

Lakini huyo wa plastiki je? Hapa tunayo Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, alikuwa na wanasesere akiwachezea mbele ya Mtume, na wenzake wakija kucheza naye; na katika mapokezi ya Abu Daud imetajwa kuwa miongoni mwao alikuwamo farasi mwenye mbawa za matambaa, ambaye Bibi Aisha alimtetea kwa kukumbusha farasi wa Nabii Suleiman, naye Mtume akacheka. Ndiyo sababu wanavyuoni wengi waliviondoa vichezeo vya watoto katika katazo la sanamu. Lakini dalili inipendezayo kupita zote ni ya Rubayyi binti Muawwidh, aliyesimulia kwamba siku ya Ashura waliwafungisha watoto wao, na mtoto akililia chakula wakampa kichezeo cha sufu kimliwaze mpaka magharibi. Wanawake wale walitumia kichezeo ili chakula kisahauliwe, na mama wa Mountain View ametumia kichezeo ili chakula kipambwe. Nia zote mbili ni za huruma kwa mtoto.

Wapo, hata hivyo, wanaomfinyanga mtu mzima kwa sukari, uso na vidole, wakamla. Wapinzani hupenda kutukumbusha Banu Hanifa wa zama za Jahilia, waliojifanyia mungu kwa tende na samli, wakamwabudu, na njaa ilipowashika wakamla, wakawa kichekesho cha washairi. Kisa ni kizuri, ila hakishuhudii wanachotaka: aibu ya Banu Hanifa ilikuwa katika kusujudu, wala haikuwa katika kula. Nao majirani Wakristo wana mzozo wao wa zamani juu ya sanamu, uliojadiliwa katika Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787, na hata leo baadhi yao huheshimu sanamu kanisani na wengine hawataki kuiona. Lakini wote huwanunulia mabinti zao wanasesere bila ya kusita.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba kumzuia mtoto asicheze na kumshurutisha masomo daima huufisha moyo wake. Kwa hiyo wasiwasi wangu hauko kwa mtoto. Uko kwa wakubwa: rinda likiongezwa ghorofa kwa sababu la jirani lilikuwa na moja, siagi ya kilo kadhaa ikaishia jaani, na picha zikapigwa hata mtoto akalala kabla ya kuonja, hapo pana riya na israfu, ambazo hazina hitilafu ya wanavyuoni.

Hukumu yangu ni kwamba keki ya rinda haina ubaya maadamu inaliwa ikaisha. Ile ya mtu mzima wa sukari ningeiepuka kwa hadhari tu, bila ya kumharimishia mwingine. Asiyetosheka na amwulize mwanachuoni wake kabla hajavunja mayai.