Dawa Zikiwa Nyingi, Nani Ataulizwa?

Mtu akinywa dawa na dawa ile ikamdhuru, nani ataulizwa? Wengi watajibu upesi: daktari aliyeiandika. Jibu hilo lilitosha zamani, mgonjwa alipokuwa na ugonjwa mmoja, daktari mmoja na chupa moja. Siku hizi halitoshi. Twataka kulitazama swali hili katika nchi ya Uingereza, maana huko, katika miaka ya karibuni, wameweka ndani ya nyumba ya daktari wa mtaa mtu wa namna mpya: mfamasia wa daraja ya juu, asiyeuza hata kidonge kimoja, bali anaketi na wagonjwa na kuzichungua dawa zao.

Tueleze kwanza kazi yake. Watu wakisikia neno mfamasia humwona mtu mwenye koti jeupe, nyuma ya meza, akihesabu vidonge. Huyu tunayemsema amesoma elimu ya dawa miaka minne katika chuo kikuu, akafanya kazi mwaka mmoja akiangaliwa, kisha akaongeza miaka ya mazoezi na masomo mengine, hata akajua kumpima mgonjwa, kusoma majibu ya damu, na kukata shauri juu ya dawa. Tangu 2003 sheria ya Uingereza ilimpa mfamasia ruhusa ya kuandika dawa, lakini kwa mpango uliokubaliwa na daktari. Mwaka 2006 ikamruhusu aandike kwa daraka lake mwenyewe, katika mambo aliyo na ujuzi nayo. Mwaka 2015 wakaanza kuwajaribu wafamasia hao katika nyumba za madaktari wa mtaa, yaani pale mgonjwa anapofika kwanza, kabla ya kutumwa hospitali. Mwaka 2019 nyumba hizo ziliunganishwa katika vikundi, kila kikundi chenye watu 30,000 mpaka 50,000 hivi, na serikali ikatoa fedha za kuwalipa.

Tena jambo hili si geni kama linavyoonekana. Katika karne ya 13 Frederick II, mfalme wa Sisilia, aliweka sheria kwamba mganga asifanye shirika la biashara na mwuza dawa. Alijua tabia ya watu: anayepata faida kwa kila chupa hataona kwa urahisi kwamba chupa moja imezidi. Huko Uingereza mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Watengeneza-dawa wa London walipata chama chao mwaka 1617, nao walikuwa karibu na watu wadogo kuliko waganga wenye shahada. Mmoja wao, William Rose, alimpa dawa mchinja-nyama jina lake John Seale, bila cheti cha mganga. Waganga wakamshtaki. Kesi ikapanda mpaka baraza kuu la mabwana, na mwaka 1704 Rose akashinda. Tangu hapo mtengeneza-dawa aliweza kumshauri mgonjwa, si kumwuzia tu. Basi daktari wa mtaa wa Uingereza wa leo, huyo huyo anayeshangaa kumwona mfamasia mlangoni pake, babu yake wa kazi alikuwa mtengeneza-dawa!

Sasa tuingie katika swali lenyewe. Tutoe mfano, si habari ya mtu fulani, ila jambo ambalo waganga wanalijua sana. Mama mzee wa miaka 82 ana presha. Anapewa amlodipini. Dawa ni nzuri, presha inashuka, lakini miguu yake inavimba, maana dawa ile huweza kuleta uvimbe. Anakwenda tena, anamkuta daktari mwingine. Daktari anaona miguu imejaa maji, anampa furosemidi, dawa ya kukojoza. Sasa mama anakimbia chooni mara nyingi, tena usiku, na pengine hafiki kwa wakati. Aibu inamshika. Daktari wa tatu anamhurumia, anampa oksibutinini ya kutuliza kibofu. Dawa hiyo hukausha kinywa, hufunga tumbo, na katika wazee huweza kuvuruga akili. Mama anaanza kusahau majina ya wajukuu. Usiku mmoja anaanguka. Watoto wake wanasema: mama amezeeka, ndiyo mwisho wake.

Kumbe hakuzeeka ghafula. Amebeba mnyororo. Mwaka 1997 waganga wawili, Paula Rochon na Jerry Gurwitz, waliueleza vizuri mnyororo wa namna hii: madhara ya dawa ya kwanza yanadhaniwa kuwa ugonjwa mpya, basi inaletwa dawa ya pili, na madhara ya pili yanaita ya tatu.

Yatupasa tuulize: katika mfano huu nani ametenda vibaya? Daktari wa kwanza aliitibu presha, na presha ilikuwapo. Wa pili alitibu uvimbe, na uvimbe ulikuwapo. Wa tatu alimwondolea mama aibu. Kila mmoja alikuwa na dakika chache, akazitumia kwa huruma. Walakini mama amelala sakafuni. Sisi watu twazoea, tukiona madhara, kumtafuta mwovu. Hapa tutamtafuta mchana kutwa tusimpate, maana wema haukupungua. Aliyepungua ni mtu wa kuyatazama yote pamoja. Madaraka ya watu watatu juu ya vipande vitatu, ukiyajumlisha, hayawi daraka moja juu ya mtu mzima. Twadhani hilo ndilo jambo ambalo elimu ya maadili imechelewa kulisema, kwa sababu vitabu vyake viliandikwa wakati tendo lilipokuwa na mtendaji mmoja.

Aristotele alikwisha kuona upande mmoja wa jambo hili. Alifundisha kwamba kujua dawa kwa majina yake ni kazi nyepesi. Kujua impasaye nani, namna gani na wakati gani, ndio uganga wenyewe. Na katika swali la wakati gani tunaingiza hili pia: wakati gani iondolewe.

Wengine watasema: kazi hii ya kuyatazama yote inaweza kufanywa na mashine, maana kompyuta husoma majina yote ya dawa kwa nukta moja. Twawajibu kwa jambo lililopimwa. Katika nyumba 72 za madaktari wa Uingereza wenye elimu walifanya uchunguzi uitwao PINCER, ukachapwa mwaka 2012. Kompyuta iliwatafuta wagonjwa walio hatarini: mwenye historia ya vidonda vya tumbo aliyepewa dawa ya maumivu inayochokoza tumbo bila kinga, mwenye pumu aliyepewa dawa ya moyo inayobana pumzi, mzee anayemeza dawa za presha au za kukojoza bila damu yake kupimwa kwa muda mrefu. Nyumba za kundi moja zilipewa majina hayo tu pamoja na maelezo. Za kundi la pili zilipewa majina, tena zikapewa mfamasia wa kukaa na madaktari na kurekebisha pamoja nao. Baada ya miezi sita makosa yalikuwa machache zaidi, kwa kiasi cha kuonekana wazi, pale alipokuwapo mtu. Orodha haina haya. Ukiiweka mezani, inaweza kulala hapo mpaka mwaka ugeuke. Mtu aliyeona hawezi kulala hivyo. Amekwisha kuwa na deni.

Hapo ndipo mzigo wa mfamasia huyu ulipo, nasi twaona haupo mahali unaposemwa mara nyingi. Husemwa kwamba ameletwa kumpunguzia daktari kazi. Ni kweli madaktari ni wachache na foleni ni ndefu. Lakini kama sababu ni hiyo tu, basi tumeongeza mkono wa nne kwa yule mama, na mkono wa nne utaandika dawa ya nne. Faida yake yatoka katika kukubali kuulizwa juu ya mfuko mzima wa dawa, hata zile ambazo hakuziandika yeye.

Basi ameuona mnyororo. Afanye nini? Ataanza mwishoni: oksibutinini kwanza, kisha ya kukojoza, na kwa presha atatafuta dawa nyingine isiyovimbisha. Atakwenda polepole, kitu kimoja kwa wakati wake, na kupima damu na presha. Kwa upande wa elimu si mambo magumu mno. Ugumu ni mama mwenyewe. Atasema: dawa hii nilipewa na daktari wangu aliyestaafu, aliyewazalisha watoto wangu, wewe ni nani wa kuninyang'anya? Tusimcheke. Kwa mzee aliye peke yake kidonge ni zaidi ya dawa; ni ushahidi kwamba kuna mtu aliyemfikiri. Ukikiondoa kwa simu ya dakika tatu, unaweza kuwa umesema kweli juu ya kibofu na umesema uongo juu ya mama, kana kwamba hana tena thamani ya kutibiwa.

Je, akikataa kabisa? Hapa twapambanua. Kama dawa haina faida inayojulikana wazi, wala haina madhara makubwa, mfamasia anyamaze, aandike alilomweleza, arudi siku nyingine. Mwili ni wa mama. Lakini kama anaona wazi kwamba dawa inamwangusha, hawezi kuendelea kutia sahihi yake kwa sababu tu ameombwa. Sahihi si adabu ya kumpendeza mtu. Wako watakaosema kwamba huo ni ukali. Sisi twaona ukali mkubwa zaidi ni kumwandikia mtu kile unachojua kitamvunja nyonga, kisha kusema: alikitaka mwenyewe. Tena kukataa sahihi hakumpi ruhusa ya kumwacha. Atamtafuta daktari, watazungumza watatu.

Kuna shaka nyingine, na hii twaikubali kuwa na nguvu. Dawa ni ghali, na hazina ya serikali inapenda mtu anayepunguza dawa. Mwaka 2021 serikali ilitoa taarifa juu ya dawa zinazoandikwa kupita kiasi katika England. Ilisema kwamba karibu watu 15 katika 100 humeza dawa tano au zaidi kila siku. Kwamba walau sehemu moja katika kumi ya dawa zinazotolewa katika matibabu ya mtaani hazikupasa kutolewa. Na kwamba katika wazee waliopita miaka 65, karibu mmoja katika watano wanaolazwa hospitali ameletwa huko na madhara ya dawa. Hesabu hizo zinatisha, nazo ni sababu ya kutosha ya kupunguza. Walakini mgonjwa ana haki ya kuuliza: unanipunguzia kwa ajili yangu au kwa ajili ya hazina?

Twaweza kutoa kipimo chepesi. Mtazame mfamasia: je, yeye huondoa tu, au pia huongeza? Maana akichungua kwa moyo safi atamkuta mzee ambaye moyo wake unapiga bila utaratibu, anayehitaji dawa ya kuzuia damu kuganda asipooze, na hakuna aliyempa. Atamkuta mwingine anayemeza dawa za nguvu za maumivu, tumbo limefunga, wala hakupewa ya kulilegeza. Anayeziona pia dawa zilizokosekana ametumwa na mgonjwa. Anayejua kutoa tu, ametumwa na mwenye fedha, hata kama mwenyewe hajui. Na hapa sheria ya Frederick yafaa igeuzwe upande wa pili: mshahara usimfanye mtu apende chupa ziwe nyingi, wala usimfanye apende ziwe chache.

Madaktari nao wana neno lao, ya kwamba mfamasia hakufundishwa kutafuta chanzo cha ugonjwa kama wao. Ni kweli, na mfamasia mwenye akili husema hivyo kabla hajaambiwa. Maumivu mapya ya kifua, uvimbe usioeleweka, kukonda bila sababu, hayo humrudishia daktari. Mgonjwa naye aambiwe tangu mlangoni ni nani aliyeketi mbele yake. Wengi huko hulalamika kwamba waliomba daktari wakapewa mwingine, na wana haki, kama hawakuelezwa.

Linalotusumbua zaidi ni vijana. Kanuni za mafundisho zilizotolewa mwaka 2021 zaagiza kwamba wafamasia wapya, kuanzia 2026, waingie kazini wakiwa na ruhusa ya kuandika dawa tangu siku ile majina yao yanapotiwa katika daftari. Kalamu watakuwa nayo mapema. Lakini ujuzi wa kukaa na mama yule, kumsikiliza habari za daktari wake aliyestaafu mpaka mwisho, na kumwambia kwamba leo tutaacha kimoja na juma lijalo nitakupigia simu, haumo katika daftari. Wanaoujua ni wale wa daraja ya juu, nao ni wachache, na vyumba vyao vimejaa wagonjwa tangu asubuhi. Nani atawapa saa za kumkalisha kijana kando yao?