Mzee wa Kanisa Akubali Kuulizwa

Wanangu mliochaguliwa kuwa wazee wa kanisa, nimechoka, na sina nguvu ya maneno mengi. Wa kuwapongeza wapo. Mimi nina jambo moja tu, nililoliona likibomoa sharika nyingi kuliko ulevi na kuliko mafundisho potofu: kiongozi asiyetaka kuulizwa.

Haanzi hivyo. Anaanza vizuri, anawahi ibada, anapanga viti, anatembelea wagonjwa. Kisha anakabidhiwa funguo za stoo, anaingizwa kamati ya ujenzi, na Jumapili moja mama wa kwaya anauliza saruji iliyochangwa wakati wa Pasaka iko wapi. Anaambiwa asimguse mpakwa mafuta wa Bwana. Hapo huduma imekufa, hata kama mifuko yote ipo.

Neno hilo la mpakwa mafuta linanisikitisha sana, kwa sababu wanaolitumia hawaimalizi habari ya Daudi. Katika pango la Engedi Daudi alikataa kumuua mfalme Sauli kwa kuwa alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana, na moyo ukamchoma hata kwa kumkatia upindo wa vazi. Lakini siku ile ile alitoka pangoni, akamwita mfalme kwa sauti, akamwinamia, akamuuliza kwa nini anamwinda bila kosa. Alimheshimu, na alimuuliza. Hayo mawili hayagombani.

Fungueni sasa Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu ni changa, mitume waliotembea na Yesu wapo hai, na bado manung'uniko yanatokea. Wajane wa wale Wayahudi waliosema Kiyunani wanasahauliwa katika mgawo wa chakula wa kila siku, na wajane wa Waebrania wanapata. Mitume wangeweza kuwaita walalamikaji wachochezi. Wangeweza kuagiza maombi ya kufunga ili roho ya mafarakano itoke. Hawakufanya hivyo. Waliita kusanyiko lote, wakasema wazi kwamba wao kuacha neno la Mungu na kuhudumu mezani haifai, wakaomba wachaguliwe watu saba walioshuhudiwa wema. Nao watu ndio waliochagua, si mitume.

Tazameni majina ya wale saba, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao wa Antiokia, mwongofu ambaye hakuzaliwa Myahudi. Yote ni ya Kiyunani. Nionavyo mimi, kusanyiko lile liliweka mgawo mikononi mwa watu wa upande uliokuwa na njaa. Sisi je? Mtaa wa mbali ukilalamika kwamba msaada wa wajane hauwafikii, tunaunda kamati ya watu wanaokaa jirani na kanisa, kisha tunawataka wa mbali wawe na subira. Sura hii nimeisoma tangu ujana wangu na haijaacha kunihukumu.

Kuhusu fedha, Paulo anatosha. Alipokusanya mchango wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake, ingawa nani angethubutu kumshuku Paulo? Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, na katika barua ya pili kwa Wakorintho sura ya 8 anaeleza sababu: asitokee mtu wa kuwalaumu, na mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Basi mzee asiniambie kwamba Mungu anamjua na hiyo inatosha.

Najua mtanikumbusha 2 Wafalme sura ya 12, kwamba wasimamizi wa ujenzi wa hekalu siku za mfalme Yoashi hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Ni kweli. Lakini someni tangu juu. Hadi mwaka wa 23 wa Yoashi, makuhani walikuwa wakipokea fedha na nyumba haijatengenezwa. Mfalme akawauliza. Ndipo kuhani Yehoyada akatoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, akaliweka karibu na madhabahu, na fedha zilipojaa zilihesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wawili, wa pande mbili. Uaminifu wa wale wasimamizi ulisimama juu ya swali lililokwisha kuulizwa.

Habari ya Yesu kuwatawadha wanafunzi miguu sitairudia, mnaihubiriwa kila Alhamisi Kuu. Msishike tu beseni na kuacha daftari.

Kwa hiyo nawasihi. Sadaka ihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio wa nyumba moja, siku ile ile, kabla hamjaenda kula. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya usharika, kwa tarakimu, na mtu apewe nafasi ya kuuliza bila kutazamwa vibaya. Orodha ya wajane na yatima ipitiwe na mtu kutoka kila mtaa. Na ambaye anaona masharti haya yanamvunjia heshima, aseme sasa, kabla ya kuingizwa kazini. Tutachagua mwingine, na yeye tutaendelea kumpenda kama ndugu.