Jasho la mama na fungu lake

Njiro, jijini Arusha, kuna ESAMI, taasisi ya menejimenti inayomilikiwa na serikali za nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika. Maofisa huja hapo kunolewa katika usimamizi wa miradi, na jinsia ni miongoni mwa masomo. Jumatano na Jumamosi, siku za gulio la Tengeru nje ya jiji hilo, wanawake wa Kimeru hushusha mikungu ya ndizi waliyoitoa shambani alfajiri. Ripoti za miradi huwaita wazalishaji. Je, mwanamke anastahili fungu lake kwa kuwa anazalisha, au kwa kuwa ni mtu?

Azimio la Arusha la 1967 lilikiri bila kumung'unya maneno kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko yeyote, huku wanaume wao wakiwa likizo nusu ya maisha. Dawa iliyotolewa? Wanaume nao wachape kazi. Shamba ni la nani, kifungu hicho cha Azimio hakikuuliza. Mithali sura ya 31, ambayo wahubiri huipenda mno harusini, humsifu mke anayeamka usiku ungali mwingi wakati mumewe ameketi na wazee langoni. Walau yenyewe humalizia kwa kudai apewe matunda ya mikono yake.

Mwaka 1983 dai hilo lilifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake waliamua kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi mkubwa, na mawakili huutaja hadi leo. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu: mahakama iliona ameshatapanya fedha alizopewa na mumewe za kuanzishia mradi. Kazi zake za nyumbani zilitambuliwa, kisha akapimwa kwa mradi uliokufa.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, nayo huanza na swali la mradi. Sheria za ardhi za 1999 zilithubutu zaidi: zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi bila kumuuliza atavuna nini. Ila kwenye migomba ya ukoo, kikao cha wazee bado kina nguvu, na binti mara nyingi hufikiriwa baada ya kaka zake wote.