Huu Wimbo ni wa Nani?

Chukua vidude viwili vya muziki vya enzi ile kabla simu haijameza kila kitu. Cha kwanza ni iPod. Cha pili hakina jina, na kama kiliwahi kuwa nalo, lilikuwa limepakwa kwa rangi iliyobanduka baada ya wiki mbili za kukaa mfukoni. Kilitoka China, kikauzwa Luthuli Avenue, kikiwa na ukubwa wa kiberiti cha gesi na betri moja ndogo kama ya rimoti. Kioo chake kilionyesha nusu ya jina la wimbo, kisha nusu ya pili ikaja ikitambaa.

Kwa sura na kwa sauti, tusidanganyane, hayo si mashindano. Lakini kuna kipimo kingine ambacho hakuna muuzaji aliyekiandika kwenye kasha: hiki kitu kinafanya nini ukikichomeka kwenye kompyuta isiyo yako?

Kile cha Luthuli kilifunguka kama folda. Basi. Iwe kompyuta ya nyumbani, ya saiba au ya rafiki wa rafiki, unaburuta wimbo ndani, unaburuta mwingine nje, unachomoa waya unaenda zako. Hakikuuliza wewe ni nani wala umeutoa wapi.

iPod nayo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe si wewe. Ilipotoka Oktoba 2001 ikiwa na nafasi ya GB 5 na ahadi ya nyimbo 1,000 mfukoni, ilizungumza na Mac peke yake, kupitia programu ya iTunes. iTunes ya Windows ilifika Oktoba 2003. Humo, muziki ulikwenda upande mmoja, kutoka kompyuta kwenda kwa iPod. Baadaye waliruhusu zirudi, lakini zile tu ulizonunua kwenye duka lao. iPod ilifunga ndoa na maktaba moja, na ukitaka kuioanisha na kompyuta nyingine, programu ilikuonya kwamba itafuta kwanza kila kilichomo. Ukiwa mkaidi, ukaenda kuchungulia folda zilizofichwa, ulikuta nyimbo zimegawanywa kwenye vyumba vinavyoitwa F00, F01, F02, na kila wimbo umepewa jina la herufi nne zisizo na maana. Kama wafungwa.

Wahandisi watakwambia ile mashine ilitafuta nyimbo kwa hifadhidata yake, haikuhitaji majina ya faili, na ndiyo maana ilikuwa nyepesi vile. Sawa. Na kweli kulikuwa na programu za pembeni za kuzitorosha. Lakini mimi nashikilia kwamba uamuzi ule haukuwa wa kihandisi pekee. Programu inayosimama kati yako na kitu chako huwa imeshaamua wewe ni nani: mmiliki, mpangaji au mshukiwa. Imeamua kabla hujafika, na haina mpango wa kukuuliza.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Walkman ya kwanza ya Sony, iliyoingia sokoni Japani Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya vispika vya masikioni. Akio Morita, bosi wa Sony, aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki wake mbele ya mwenzake. Kwa hiyo wakaweka tundu la pili, na juu yake kitufe cha rangi ya chungwa cha kupunguza sauti ili hao wawili waweze kuongea. Hebu fikiria: mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, na tayari imemtengea mgeni nafasi. Tundu hilo la pili halikudumu kwenye matoleo ya baadaye, maana wateja walitaka kuwa peke yao. Lakini swali liliwahi kuulizwa.

Kufikia mwisho wa miaka ya tisini, aliyeuliza maswali alikuwa wakili. Mwaka 1998 kampuni ya Diamond ilitoa Rio PMP300, kidude chenye MB 32, yaani muziki wa nusu saa hivi. Chama cha makampuni ya rekodi cha Marekani kikaenda mahakamani kuizuia. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ilikataa, ikisema kwamba mtu anayehamisha muziki wake kutoka kompyuta hadi mfukoni anafanya jambo la kawaida la matumizi binafsi. Mlango ukafunguka, na papo hapo makampuni yakaanza kutafuta kufuli la kutia ndani ya wimbo wenyewe. Nyimbo za duka la iTunes, lililofunguliwa Aprili 2003 kwa senti 99 kila wimbo, zilikuja na kufuli hilo hadi 2009.

Lakini kichekesho halisi kilitoka Microsoft. Zune yao ya 2006 ilikuwa na kitu ambacho iPod haikuwa nacho: ungeweza kumrushia mwenzako wimbo bila waya. Wenzetu walikuwa wameelewa, nusu. Ule wimbo ukifika kwa mwenzako, angeweza kuusikiliza mara tatu au kukaa nao siku tatu, kisha basi. Zawadi yenye saa ya kengele ndani. Ni kama kumpa mtu chapati na kumwambia akimeza mara tatu, iliyobaki unarudishiwa. Na kabla ya hapo kampuni hiyohiyo iliuza nyimbo kupitia duka la MSN Music, chini ya nembo iliyoahidi kwamba zitacheza bila shaka. Zune haikuweza kuzicheza. Mwaka 2008 wakatangaza kwamba kompyuta zao zinazotoa vibali vya nyimbo hizo zitazimwa, na maana yake ni kwamba ukibadilisha mashine yako, nyimbo ulizolipia zinakuwa bubu. Wateja wakapiga kelele, tarehe ikasogezwa.

Sasa, kumiliki kitu ni nini hasa? Watu wengi watasema ni kuweza kukitumia. Mimi nadhani hiyo ni robo tu ya jibu. Hata mpangaji anatumia nyumba, hata dereva anatumia matatu ya tajiri. Ukitaka kujua kitu ni chako, jaribu kukiazimisha, jaribu kumpa mtu. Na siku moja, kufa.

Mjomba wangu alifariki akiacha, pamoja na madeni mawili na baiskeli, kidude kimoja cha aina ile ya Luthuli. Jioni moja wakati wa matanga, binamu yangu alikichomeka kwenye laptopu tukaanza kupekua. Kulikuwa na Franco. Kulikuwa na Misiani, Les Wanyika, na nyimbo kama thelathini zinazoitwa tu “Track”, msanii hajulikani. Halafu kulikuwa na folda iitwayo VOICE, kwa sababu vidude vile vilikuwa na kitufe cha kurekodi ambacho karibu hakuna mtu aliyekitumia. Mjomba alikitumia. Alikuwa anahesabu mifuko ya simiti inayoshushwa kwenye lori. Thelathini na tatu, thelathini na nne, thelathini na tano, halafu anasimama kumjulia hali mtu anayepita, anacheka, anasema aa, nimesahau nilikuwa wapi, anaanza tena kutoka thelathini. Dakika nne na kitu. Tulinakili kila kitu kwenye flashi sita, sauti na Franco na zile “Track” zisizo na wenyewe. Hakuna programu iliyotuuliza kama tuna kibali cha kurithi.

Ninajua unachotaka kuniambia, na uniambie. Franco je? Hao Wanyika je? Tulipogawana zile nyimbo jioni ile, wao walipata nini? Sifuri. Mjomba mwenyewe alizipata wapi? Kwa yule jamaa wa kibanda mwenye kompyuta moja na spika mbili, anayekujazia memori kadi kwa hela ya chai, ngoma mia moja bila risiti. Nairobi nzima ilipita kwenye vibanda vile. Genge iliyopikwa Calif Records, ngoma za E-Sir aliyetuacha 2003, zote zilipanda matatu na zikalala mifukoni mwetu, na waliozitunga waliona watu wanaimba mistari yao neno kwa neno bila kuona shilingi ikirudi. Uwazi ule ule ulioniachia sauti ya mjomba ndio uliowanyima wasanii kodi ya nyumba. Siwezi kusifu upande mmoja nikanyamazia mwingine.

John Locke, yule Mwingereza wa karne ya 17, alifundisha kwamba mtu hupata haki juu ya kitu kwa kuchanganya jasho lake nacho, mradi wengine wabakiziwe cha kutosha na kizuri vilevile. Sharti hilo la pili, mp3 inalitimiza kuliko shamba lolote duniani. Nikinakili wimbo wako, wako haupungui hata chembe. Shida ni sharti la kwanza. Jasho lililo ndani ya huo wimbo si langu. Wala si la aliyetengeneza kidude, wala la mwenye programu, ambaye kazi yake ilikuwa bomba na si maji. Ni la mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni.

Kwa muda nilijaribu kuliona kama wakfu. Pwani watu wanajua: kisima kikiwekwa wakfu, kila mtu anachota, hakuna anayekiuza. Wazo tamu. Lakini wakfu huwekwa na mwenye mali, hauwekwi na jirani yake aliyekuja kuteka maji, kwa hiyo nimeliacha. Ninachobaki nacho ni kidogo zaidi. Nikimlipa mwimbaji, naona nimenunua haki ya kuuishi ule wimbo kama watu wanavyoishi na vitu: kuuazima, kuupigia wageni, kuuacha nikiondoka. Sijanunua haki ya kuufanyia biashara. Jamaa wa kibanda anavuka mstari huo, binamu yangu kwenye matanga havuki. Na hapo ndipo kosa la kufuli lilipo. Lilishindwa kuwatofautisha. Lilimfungia binamu, na jamaa wa kibanda akaendelea kuuza kama kawaida, maana mtu wa biashara hutafuta njia na mfiwa hana muda huo.

Lakini kumlipa huyo mwimbaji, ni nani atanilazimisha kama si kufuli? Hakuna. Ndiyo maana hoja yangu inachechemea, na nimeamua iende hivyohivyo.

Siku hizi ugomvi wenyewe umehamishwa. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Mei mwaka uliofuata Apple ikatangaza mwisho wa iPod. Hakuna tena kidude wala programu ya kukisimamia. Programu ndiyo kila kitu, na faili imetoweka machoni. Kwa upande wa msanii kuna jambo moja la haki hapa: angalau mtu anahesabu. Ngoma ikichezwa, inaandikwa mahali, hata kama kinachofika mwisho wa mwezi ni cha kununulia mandazi. Kwa upande wangu, mimi ni mpangaji moja kwa moja. Nikiacha kulipa, nyimbo nilizozipakua zinajifunga. Nikifa, nitawaachia watu nywila.

Binamu yangu mdogo, wa 2005, haoni tatizo. Anasema sisi tulikuwa wachoyo wa vitu, tunakusanya mafaili kama nyanya anavyokusanya karatasi za nailoni chini ya godoro. Yeye hataki kumiliki wimbo, anataka kuusikia. Akipenda ngoma, anatuma linki, kazi kwisha. Na huenda ana akili kunishinda. Juzi alinitumia wimbo mmoja wa rumba, wa zamani, akasema huu nimekukumbuka. Nikaubonyeza. App ikaniambia haupatikani nilipo. Nikamwambia. Akajibu, “Ah, wameutoa. Ngoja nitafute mwingine unaofanana.”