Inakuja Nayo

Zamani mtu akinunua cherehani mpya hakupewa mashine peke yake. Ndani ya sanduku alikuta kikopo cha mafuta, sindano, bobini za ziada na bisibisi ndogo. Mama yangu alikuwa mshonaji, na wanafunzi wake walipouliza vifaa hivyo vinanunuliwa wapi aliwajibu kwa maneno mawili tu: “Inakuja nayo.” Maana yake, msihangaike. Nililirithi neno hilo, nami nikalitumia siku moja mahali ambapo sikupasa kulitumia kwa wepesi ule. Lililotokea limenifanya nijiulize swali ambalo hata leo sijalimaliza: mtu akisema kitu kipo, anawajibika nacho mpaka lini?

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Lugha niliyoipenda ni Perl, iliyobuniwa na Larry Wall, mtu aliyesomea isimu, na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1987. Lugha ya kompyuta nayo haiji tupu. Huja na vipande vilivyokwisha kuandikwa, viitwavyo moduli: hiki cha kushughulika na saa, hiki cha mafaili, hiki cha hesabu kubwa. Moduli nyingine, maelfu kwa maelfu, zimewekwa katika ghala la pamoja liitwalo CPAN, lililoanza mwaka 1995, na anayezitaka huzifuata mwenyewe kwa njia ya intaneti. Kwa hiyo ziko za namna mbili, za kuja nazo na za kufuata. Msomaji anayeishi penye intaneti usiku na mchana ataona tofauti hiyo ni ndogo. Sisi tulionunua muda wa intaneti kwa vocha, ukakatika katikati ya kazi, hatukuiona ndogo.

Mwaka 2009 chama kimoja cha akiba na mikopo, katika mji ambao sitautaja, kiliniomba niwaandikie programu ya daftari la wanachama. Karani angejaza fomu kwenye kioo cha kompyuta, na programu ingeandika akiba, mikopo na marejesho. Ili kupokea yale yaliyojazwa katika fomu nilitumia moduli iitwayo CGI, iliyoandikwa na Lincoln Stein. Moduli hiyo ilikuwa imo ndani ya Perl tangu toleo la 5.004 la mwaka 1997, na kompyuta ya chama ilikuwa na toleo la 5.10. Siku ya kukabidhi kazi, mwenyekiti, mtu mzima mwenye tahadhari, aliniuliza: “Mwalimu, kompyuta hii ikifa tukanunua nyingine, kuna kitu cha ziada cha kutafuta?”

“Hakuna, Mwenyekiti. Inakuja nayo.”

Tena sikuishia kusema kwa mdomo. Niliandika katika kitabu cha maelekezo: “Kila kinachohitajika huja na lugha yenyewe.”

Basi mwaka 2014 wenye Perl walitoa toleo la 5.20, ambalo mtu akiitumia CGI iliyomo lilimwonya kwamba moduli hiyo itaondolewa, aifuate ghalani. Mwaka 2015 likatoka 5.22, na CGI haikuwamo tena. Sababu zao zilikuwa za maana. Njia ile ya kutengeneza kurasa ilikuwa imepitwa na wakati, na kila kilichomo sandukuni kinahitaji mtu wa kukitunza. Wengi wa watunzaji hao hufanya kazi kwa kujitolea. Hawakuiua moduli. Waliiacha ghalani, ipatikane kwa anayeitaka. Mimi mwaka huo nilikuwa nimekwisha kustaafu na kuhamia mji mwingine, wala sikuwa nikifuatilia.

Januari 2019 kompyuta ya chama iliungua. Ilikuwa Januari, wazazi wamepanga foleni kutoa fedha za ada, na wengine wamesafiri tangu alfajiri. Chama kilikuwa na binti mmoja wa mkataba aliyeshughulika na kompyuta. Aliweka mashine mpya, yenye Perl 5.26, akarudisha kumbukumbu zote za wanachama bila kupoteza hata shilingi ya mtu, akaifungua programu yangu. Programu ikakataa. Ikasema imetafuta CGI kila mahali inapopajua na haikuiona.

Binti akamweleza meneja kwamba kuna kipande hakipo. Meneja akafungua kitabu cha maelekezo akamsomea mstari wangu. Kama kila kinachohitajika huja na lugha yenyewe, na sasa kipande hakipo, basi kuna mtu amekifuta. Nani mwingine aliyeigusa mashine?

Walinipigia simu. Mwenyekiti akaniuliza kwa upole, maana alikuwa bado ananiheshimu, kama programu ile ingeweza kuwa na kasoro. Nikamjibu, “Nilipoiacha ilikuwa inafanya kazi.”

Kabla ya kusafiri nilikaa mbele ya kompyuta yangu nikaliuliza daftari moja ambalo sharti nilieleze, maana ndilo lililonifunua macho. Linaitwa Module::CoreList, na aliyelianzisha ni Richard Clamp. Kazi yake ni moja tu: kwa kila toleo la Perl, linaorodhesha moduli zilizomo sandukuni na namba ya kila moja. Mtu hutaja jina la moduli, nalo humjibu iliingia lini, na kama ilitoka, ilitoka lini. Kila toleo jipya linapotoka, hata yale ya majaribio yanayotolewa karibu kila mwezi, kuna mtu anayekaa kuandika upya orodha nzima. Ni kazi isiyo na sifa. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sijui mali nyingi zilizoandikiwa daftari kwa uaminifu huo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba halifichi kilichoondolewa. Mwenye duka akiacha kuuza kitu, aghalabu angependa wateja wasahau kwamba alipata kukiuza. Hawa wanaandika: kilikuwamo, na hapa tulikitoa.

Nililiuliza habari za CGI. Likanijibu kwa mstari mmoja: iliingia 5.004, ikaondoka katika matoleo ya majaribio ya 5.21. Yaani binti alisema kweli.

Nilifika siku ya nne. Nilikuwa nimeichukua moduli ghalani na kuja nayo mfukoni, na kuiweka hakukuchukua robo saa. Programu ikafunguka, makarani wakapiga makofi, meneja akanipa bahasha. Mkataba wa yule binti ulikuwa umeishia juzi yake. Hawakusema wamemfukuza, walisema haukuongezwa. Nilipoulizwa tatizo lilikuwa nini, nikasema, “Kipande kidogo tu hakikuwepo.” Nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Ahadi ni deni, lakini deni hili ni la nani? Kwa muda mrefu nililitupa kwa wenye Perl. Waliiweka CGI sandukuni miaka kumi na minane. Jirani akikuachia njia katika shamba lake miaka kumi na minane, hakukuahidi neno, lakini je, anaweza kuamka asubuhi akaziba? Nadhani shamba ni lake na anaweza, ila sharti akuambie. Hapo nikawa najibishana nafsini: waliambia. Ndiyo, waliambia, lakini onyo lilikuwa katika toleo moja, 5.20. Sisi tuliotoka 5.10 tukaangukia 5.26 hatukupita mlangoni lilipobandikwa. Na hata tungepita, maonyo ya namna hiyo huandikwa katika faili la makosa la seva, ambalo katika ofisi ile hakuna aliyepata kulifungua. Wenye Python walipoamua kuondoa moduli zao kumi na tisa zilizochakaa, mojawapo ikiitwa cgi vilevile, walianza kuonya katika toleo la 3.11 la mwaka 2022 na kuziondoa katika 3.13 la mwaka 2024. Ni muda mrefu kidogo, lakini naona tatizo ni lilelile. Onyo humfikia anayepanda ngazi moja moja. Maskini hununua mashine ya zamani ikaa miaka kumi, na anapobadilisha huruka ngazi nyingi kwa mara moja.

Hata hivyo siwezi kuwashtaki. Hawanijui, wala hawakukijua chama kile. Waliandika ukweli mahali ambapo yeyote angeweza kuusoma. Mtu aliyesimama kati yao na yule binti nilikuwa mimi.

Jambo lililoninyima usingizi ni hili. Daftari lile lenyewe nalo huja ndani ya Perl, na hata katika 5.10 ya chama lilikuwamo. Kama ningeliuliza mwaka 2009 lingenijibu sawasawa: CGI imo, tangu 5.004. Lisingesema itakuwamo. Haliwezi, maana nakala ya daftari inajua matoleo yaliyotangulia tu. Kila neno lake limefungwa na namba. Mimi ndiye niliyeifungua namba ile nikaitupa. Nililichukua neno la kweli kuhusu toleo moja nikalifanya neno la siku zote, kwa sababu lilipendeza masikioni mwa mwenyekiti na kwa sababu mama yangu alilisema vizuri. Mama alikuwa akisema habari za sanduku lililo mbele yake, limefunguliwa.

Nilidhani basi nimepata jibu, kwamba uaminifu ni kutaja namba na tarehe. Kisha nikakumbuka lile jibu la simu. “Nilipoiacha ilikuwa inafanya kazi.” Hilo nalo lina tarehe yake, na halina neno la uongo. Lakini nililisema nikijua mwenyekiti atatoka nalo wapi na kufika nalo wapi. Njiani alikuwapo binti wa watu.

Ilinichukua miezi mitano kumtafuta. Nilimkuta akifanya kazi katika duka la kutoa fotokopi. Aliniamkia, akanipa kiti, nami nikamweleza yote: moduli, matoleo, mstari wa kitabu, simu. Alisikiliza huku akipanga karatasi.

“Mzee, mimi nilijua,” akasema. “Niliwaambia kipande hakipo. Ila kitabu chako kilisema kipo.”

Nilimwambia kwamba nimekwisha kuiandikia bodi barua kueleza kosa ni langu. Ndivyo nilivyokuwa nimefanya. Walinijibu kwa kunishukuru kwa huduma zangu za siku nyingi. Habari zake hawakuzigusa. Nilikuwa pia nimewapelekea ukurasa mpya wa kitabu, wenye toleo la Perl, kila moduli na namba yake, imetoka sandukuni au ghalani, na tarehe niliyokagua. Kama wameubandika sijui.

Kisha nikatoa ile bahasha, ambayo sikuwa nimeifungua, nikaiweka juu ya meza yake. Nilitazamia aikatae, na nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Hakuikataa. Aliifungua, akazihesabu noti mbele yangu, akaniuliza basi lilikuwa kiasi gani kwenda na kurudi siku ile. Nikamtajia. Akatoa nauli yangu akanirudishia, zilizobaki akazitia mtobani.